Mama Mkwe Ameonja Dawa ya Mume Wangu

Shangazi Jamilah mpendwa, nisaidie, maana watu wote wa Bwera huku mpakani wananiita Dokita na mimi sijui la kufanya na nyumba yangu mwenyewe.

Nina duka la dawa karibu na stendi ya boda boda, nauza dawa za homa, za minyoo na za kikohozi, na cheti changu ni cha uuguzi msaidizi tu, lakini huku kwetu mtu yeyote mwenye koti jeupe ni Dokita, hata anayeuza dawa ya kupe wa ng'ombe ni Dokita, nami nimezoea, nikiitwa naitika. Mume wangu anaitwa Nobert, mimi namwita Baba Ronah kwa jina la binti yetu aliye shuleni. Shangazi, mwanaume huyu nampenda, nasema waziwazi kwa kuwa hunijui. Ni mtu wa kucheka, ni mtu wa kumenya ndizi bila kuombwa, na kanisani yuko kwenye kwaya ingawa sauti hana, mwalimu wa kwaya alishamwomba awe anafungua mdomo tu bila kutoa kitu, naye alikubali kwa furaha, na kila Jumapili anasimama mstari wa nyuma anafungua na kufunga mdomo kama samaki wa Katunguru, na mimi nikimtazama nasahau mahubiri.

Alikuwa dereva wa lori, anapeleka kahawa Kampala, na siku moja pale Kikorongo lori likapinduka, mguu ukavunjika, akapewa dawa kali za maumivu, mguu ukapona lakini dawa hazikumwacha, akawa anazitafuta kila mahali na alipozikosa akaanza kuvuta unga na watu aliokutana nao huko Kampala, vitu vikawa vinapotea nyumbani, ikafika mahali nikawa nafunga duka kwa kufuli mbili ili baba wa mtoto wangu asiingie. Nililia mpaka nikachoka kulia. Ndipo kaka yake Kosiya anayeishi Kampala akampeleka kliniki moja ambako watu wa unga wanatibiwa kwa dawa ya kunywa inayoitwa methadoni, kila asubuhi unakwenda dirishani, muuguzi anakupimia, unakunywa mbele ya macho yake, unafungua mdomo aone umemeza, halafu unakwenda kazini kwako, na ile dawa inazuia maumivu ya kukosa unga mwili ukatulia. Nobert alitulia, Shangazi. Akapata kazi gereji, mashavu yakarudi, akawa ananipigia simu kunieleza alichokula.

Sasa juzi dada yake Clare alikuwa anaolewa, na kwa kuwa Nobert amekuwa mwaminifu muda mrefu, kliniki wakamruhusu kuja nyumbani na chupa za siku zile, kila chupa na jina lake, ndani ya kisanduku chenye kufuli, wakamwambia ufunguo asimpe mtu. Alipofika tu, mama mkwe wangu, Mama Yunia, aliuomba ufunguo. Alisema, "Mutoto wangu amerudi kutoka kwa kifo, nani atamupatia dawa kama haiko mimi?" Hebu niambie wewe, nani angemnyima? Nobert alimpa, na mimi nikaona ni upendo, nikaenda kufungua duka.

Lakini Shangazi, Mama Yunia ni mtu wa zamani wa mlimani, na kwa watu wake anayekupa kinywaji anaonja kwanza, ujue kwamba hakuna sumu. Hajawahi kuacha desturi hiyo, hata chai, hata maji ya mtungi. Nobert alimkataza siku ya kwanza, mama akanuna, akasema, "Kwa nyumba yangu hakuna mutu anakunywa kitu kama mimi sijaonja, unataka watu waseme nini?" basi akamwacha agusishe midomo kwenye kikombe kumfurahisha. Asichojua ni kwamba huko jikoni mama alikuwa amekwisha onja. Alimimina chupa kwenye kikombe, akaonja, akaona uchungu, akamhurumia mwanawe, akaongeza juisi ya matunda na sukari, akaonja tena kama utamu umefika, na bado haujafika anaongeza, anaonja, na kilichobaki ndicho alichokipeleka mezani. Kila asubuhi hivyo.

Tukaanza kumwona Mama Yunia anasinzia juu ya maharage anayochambua. Tulimcheka, tukasema harusi imemchosha. Na Nobert naye akawa anatoka jasho, anapiga miayo, pua inachuruzika, dalili zile ninazozijua, na mimi sikuuliza, nilisema moyoni amerudia unga, nikamvamia chumbani nikampekua mifuko yote, na yeye hakunigombeza, aliinua mikono juu ili nipekue vizuri. Nikikumbuka ile mikono naumia.

Jumapili Mama Yunia akalala kanisani wakati wa mahubiri. Watu wakacheka. Wimbo wa mwisho ulipoanza hakuinuka, nikamtikisa, midomo ilikuwa imeanza kuwa ya bluu na pumzi inakuja, inakaa, inachelewa kurudi. Tulimbeba kwa boda boda, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia na kumpigia kelele masikioni asilale. Hospitali wakamtazama macho, wakasema bibi huyu amekunywa dawa kali ya maumivu, wakamdunga sindano, na baada ya muda akafumbua macho akauliza, "Muhubiri amemaliza?" Nilicheka na kulia pamoja.

Ndipo akaninong'oneza habari za kuonja. Na hapa ndipo nakuomba usinihukumu haraka: muuguzi aliporudi kuniuliza bibi alikunywa nini, niliogopa watasema Dokita anagawa methadoni nyumbani, watanifungia duka, nikasema labda ameokota vidonge dukani kwangu. Wakamlaza, kesho yake akaruhusiwa, sasa ni mzima na anatuamrisha kama kawaida.

Chupa zinakaribia kwisha na Nobert anatakiwa kurudi Kampala. Alifua begi lake la safari akalianika, na mimi nililianua likiwa bado na maji nikalificha nyuma ya magunia, nikamwambia sijui liko wapi. Sitaki aende. Familia yote haitaki aende. Mama Yunia anasema kwa nini tumpeleke mtoto kwa watu wasiomjua na dokita tunaye ndani ya nyumba. Na kuna rafiki yake, Ashiraf, anayesafirisha mizigo kutoka ng'ambo ya mpaka, mtu wa swala tano na moyo safi, ametuletea kidumu kimejaa dawa, akakiweka chini ya kaunta yangu akaniambia, "Dokita, hii iko ile ile. Rangi moja, harufu moja. Wewe unapima, bwana anakunywa, munakaa pamoja. Kule Kampala wako na nini wewe hauna?" Sijui alivyosikika, lakini tangu hapo akina mama wengine wamekuja dukani, wa kwanza alikuwa Phionah ambaye mwanawe anavuta unga, anasimama mpaka wateja waishe halafu ananiambia, "Dokita, nasikia uko na dawa. Kidogo tu ya mutoto wangu."

Mimi najua kupima, Shangazi. Watoto wa mtaa mzima nawapimia dawa ya kikohozi na sijawahi kukosea. Kwa nini mtu asiyemjua aruhusiwe kumpa mume wangu dawa, na mimi niliyelala naye, niliyemuuguza, nikatazwe? Nikifungua kile kidumu nikampimia mwenyewe, kwa siri, nitakuwa nimefanya kosa gani? Nijibu upesi kabla chupa hazijaisha, na tafadhali usitaje jina langu.

Dokita wa Bwera

*

Dokita, mwanangu,

Umeniomba nifiche jina lako baada ya kunitajia stendi, kwaya, harusi na mama mkwe aliyebebwa kwa boda boda kutoka kanisani. Majina yote nimebadilisha, lakini waimbaji wa mstari wa nyuma watamtambua mumeo leo hii gazeti likifika. Mpe pole yangu.

Kidumu hicho usikifungue. Hilo ndilo jibu, na kama una haraka unaweza kuishia hapa. Kama una dakika mbili, kaa nikugombeze kidogo, kwa maana nimekupenda na nisipokugombeza mimi atakugombeza hakimu.

Ulimdanganya muuguzi. Mama wa watu alikuwa anavuta pumzi za kuhesabika na wewe ukawaza duka. Nimemwuliza daktari ninayemwamini, akaniambia methadoni hukaa mwilini muda mrefu kuliko ile sindano ya kumwamsha mtu. Sindano ikiisha nguvu kabla ya dawa, mgonjwa anaweza kulala tena, na safari hiyo asiamke. Wangemwachia aende nyumbani jioni ile kwa sababu ya vidonge vyako vya uongo, leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine. Mungu alikusitiri. Rudi pale hospitali, mtafute muuguzi yule yule, mweleze ukweli wote. Ndiyo, wanaweza kukuuliza habari za leseni. Waache waulize. Hukuuza, hukugawa, na ukweli unaokwenda wenyewe kwa miguu yake hupokelewa vizuri kuliko ule unaoburutwa na polisi.

Sasa swali lako, na ni swali zuri, sikudharau. Kwa nini yeye aruhusiwe na wewe ukatazwe? Mwanangu, wewe unajua kupima dawa. Muuguzi wa dirishani anampima mtu. Asubuhi anamtazama macho, anasikiliza anavyoongea, anauliza jana ulikunywa pombe, juzi ulikosa kuja, una homa, unameza vidonge vingine? Akiona mashaka anapunguza, au anamwita daktari, au anasema leo hupati. Na mtu akianguka pale, ile sindano iko kabatini nyuma yake. Wewe nyuma yako kuna dawa ya minyoo.

Na hata ungekuwa na vyeti vya kujaza ukuta, bado ningekukatalia kumpimia Nobert. Siku atakayokuja na ile sura yake ya kuchekesha akuambie, "Mama Ronah, leo mwili unauma, niongezee kidogo," utamnyima? Hata ufunguo ulipokwenda kwa mama mkwe uliona ni upendo! Mtu anayependa namna yako hafai kushika chupa hiyo, na sheria inayowaruhusu wachache waliofundishwa na kusimamiwa haikukutukana. Imekupunguzia mzigo ambao ungekuvunja mgongo.

Ashiraf ana moyo mzuri na dumu baya. Rangi moja, harufu moja, ndivyo anavyosema, lakini chai ya rangi na dawa ya mitishamba nazo zina rangi moja. Nani alichanganya dawa ile, kwa nguvu gani, imekaa juani siku ngapi? Kijiko kile kile kinachotosha kutoka chupa ya kliniki kinaweza kumuua mtu kutoka kwenye dumu. Usiimwage chooni wala mtoni. Ipeleke kwa mfamasia wa hospitali ikiwa imefungwa kama ilivyo, siku ile ile unayokwenda kusema ukweli, na Ashiraf muombe akusindikize. Mwambie sababu mkiwa na chai mezani, bila kumfokea. Atakuelewa, alitaka rafiki yake abaki tu.

Akina mama wanaosubiri wateja waishe ndio wamenikosesha raha. Hapo nakubaliana nawe nusu. Kusema wachache tu ndio watoe dawa ni vizuri, lakini aliyesema hivyo ana deni la kuwaweka hao wachache mahali ambapo mwana wa Phionah anaweza kufika kila asubuhi na bado akarudi kulima. Kutoka Bwera hadi Kampala si matembezi. Basi usiwapimie, waongoze. Wewe una jina la Dokita na watu wanakusikiliza, litumie. Wakusanye, mwende kwa mkuu wa afya wa wilaya huko Kasese mjini, mwulize wauguzi wetu wafundishwe lini, wapewe ruhusa lini, dirisha letu litafunguliwa lini. Mkitoka bila jibu, rudini wiki inayofuata. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na kwa sasa Phionah asingoje dirisha hilo. Ampeleke mwanawe hospitali aanze kuonwa, wamwelekeze namna ya kufika kliniki.

Kuhusu Mama Yunia, usimwaibishe. Mwanamke huyu alionja kila asubuhi ili mwanawe asidhurike, na hakuna aliyemweleza kwamba dawa inayomponya mmoja inaweza kumlaza mwingine. Mtu wa kumweleza ulikuwa wewe, mwenye koti jeupe. Kaa naye chini, mwambie, "Mama, heshima yako tumeipokea yote, lakini dawa haionjwi, hata iwe ya nani." Ufunguo urudi kwa mwenyewe leo. Yeye apike, abariki, atoe amri kama kawaida yake. Mwanawe ana mdomo wa kula pia.

Nimefika kwa Nobert. Barua yako ni ndefu, mwanangu, na nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja. Umenieleza mama anataka nini, Ashiraf anataka nini, mtaa unataka nini, na wewe unataka nini mpaka umeficha begi nyuma ya magunia. Mume wako anataka nini? Hukumwuliza. Lakini yeye alikwisha kukujibu, maana mtu asiyetaka kusafiri hafui begi. Anajua asubuhi za dirishani ndizo zimemrudishia mashavu hayo unayoyapenda, naye anaogopa kubaki hapa kuliko unavyoogopa aondoke. Lile jasho ulilolidhania unga lilikuwa la mtu anayepewa nusu ya dawa yake na hajui, na bado alikuinulia mikono. Mwombe msamaha, na usimwombe kwa ujumbe wa simu. Mwangalie usoni.

Halafu pigeni simu kliniki leo, kabla ya safari. Waambieni kwamba siku hizi amekuwa akinywa pungufu, na hamjui ni kiasi gani. Hili usilichukulie mchezo: mwili uliozoea kidogo ukipewa kipimo cha zamani ghafla unaweza kushindwa. Wao ndio watakaosema aanze wapi, na chupa zilizobaki azitumieje. Na waulizeni kama ipo siku anaweza kuhamishiwa karibu, au kupewa chupa za kuja nazo tena akitulia. Pengine watasema bado. Ulizeni hata hivyo.

Begi lirudishwe kambani likauke. Funga duka siku mbili, wateja wa minyoo watangoja, na upande naye basi la asubuhi, ukae upande wa dirisha kwa sababu najua utalia kuanzia Kikorongo. Mkifika kliniki kutakuwa na foleni. Jina lake likiitwa usimjibie, usimwelezee muuguzi lolote ambalo hakukuuliza, usisogee kuona kipimo. Simama nyuma na wake wengine na mama wengine. Atapewa kikombe, atakunywa, atafungua mdomo muuguzi aone. Kisha atageuka kutafuta sura anayoijua katika umati ule. Muda wote aliokuwa Kampala amegeuka hivyo kila asubuhi na hakuona mtu.

Safari hii akuone wewe.

Shangazi Jamilah